Imondo ya Mama

Mazungumzo kabla ya chakula cha pamoja, jubilii ya miaka 50 ya kwaya yetu

Nimepewa dakika kumi, tena kabla ya chakula. Aliyepanga ratiba hii ananijua vizuri: harufu ya kuku inanifikia kama inavyowafikia nyinyi, kwa hivyo sitachelewa.

Nataka kuwaeleza habari ya imondo. Waluhya wenzangu hawahitaji tafsiri. Kwa wageni wetu, imondo ni firigisi ya kuku. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku, na imondo ni ya mwenye boma. Mtoto akiidokoa jikoni, kesi inafika mpaka kwa shangazi. Na zamani mwanamke hakula kuku kabisa. Alimfuga, akamnyonyoa, akampika, akawanawisha wageni mikono, kisha akarudi jikoni kula ugali kwa mrenda.

Mama yangu aliolewa katika desturi hiyo. Siku moja tukichambua kunde alitusimulia kwamba alipika kuku miaka mingi bila kujua ladha yake. Hata chumvi alimwonjesha mtoto wa kiume. Alisimulia akicheka, lakini Baba alikuwa amekaa mlangoni akisikia.

Krismasi ya mwaka huo tulitoka kanisani, Mama akiwa alto na Baba akiwa besi katika kwaya hii hii. Chakula kilipowekwa mezani, Baba alichukua imondo kutoka sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya Mama. Hakuhutubu. Alisema tu, “Kula, mama watoto.” Mama aliitazama kwa muda, kisha akaikata vipande, akatugawia sisi wasichana. Kipande changu kilikuwa kama ukucha. Tangu siku hiyo imondo ilikuwa ya Mama, na kila Krismasi kisa kilisimuliwa tena hata tukakichoka.

Mama alipolala, mimi ndiye niliyebaki mkubwa. Krismasi ya kwanza sikukisimulia, nilijua nitalia. Ya pili vilevile. Ya tatu tulikodi wapishi, tukala chini ya hema, kila mtu na simu yake. Ya nne mkaza mwanangu, mtoto aliyelelewa vyema kwao, alipika kuku wa kienyeji mwenyewe na kumpelekea mumewe imondo kwa heshima zote. Mjukuu wangu wa kike akaomba kuonja. Akaambiwa, “Hiyo ni ya wanaume.”

Wapendwa, nilishtuka. Mkaza mwanangu hakukosea. Alifuata desturi kama alivyofundishwa. Kisa ndicho kilichokuwa kimekufa, na niliyekiua ni mimi, kwa kunyamaza. Miaka minne ilitosha kurudisha kile ambacho Baba alikiondoa. Nikaweka ugali chini, nikasimulia, na kweli nililia, mjukuu akanishika mkono. Mwanangu alikuwa ameshauma nusu. Nusu iliyobaki tuliikata vipande.

Katika Kutoka 12, Musa anapowaagiza wazee wa Israeli juu ya Pasaka, anawaambia kwamba watoto watauliza maana yake, nao wawajibu. Miaka mingi niliisoma sura hiyo nikitazama damu kwenye miimo ya mlango. Siku hizi natazama lile swali la mtoto.

Kwaya yetu nayo ililelewa na sufuria. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa nane, na wengi walitoka mbali kwa miguu. Akina mama walileta omushenye, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, ukiwa umefungwa kwa majani ya mgomba. Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba kikapu. Mwalimu aliandika solfa ubaoni, na sauti iliyokosea mara tatu ndiyo iliyoosha masufuria. Besi waliosha sana. Leo mazoezi yakiisha kila mtu anakimbilia bodaboda. Siwalaumu, giza huingia na nauli hupanda. Lakini kamati ilipoleta bei ya wapishi wa kukodi kwa ajili ya sherehe hii, nilisimama nikapinga. Mweka hazina aliniunga mkono upesi sana.

Kwa hivyo chakula cha leo tumepika wenyewe. Mrenda umetiwa musherekha, yale maji ya jivu la maganda makavu ya maharagwe, yaliyochujwa tone kwa tone tangu jana. Waliochuja ni vijana wawili wa tena, na waliuliza maswali mengi.

Walawi 25 inasema katika mwaka wa 50 kila mtu arudi kwa jamaa yake. Katika kila meza tumemkalisha mmoja wa wale walioianza kwaya hii. Vijana, msiishie kuwaamkua tu. Waulizeni nani alileta omushenye, nani alifundisha alto, na yule aliyeacha kuimba aliacha kwa nini. Wazee wangu, wajibuni, hata yale yanayouma.

Imondo ziko kwenye bakuli la bluu karibu na jiko. Zimekatwa vipande vidogo vidogo. Wasichana watangulie.

Mchungaji, karibu utuombee chakula.