Mu duka ya Matonge, chakula yetu inatoka wapi?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa komini ya Kenya, Lubumbashi



Karibu kila mumoja wenu iko na mutu wake Bulaya, na karibu kila mumoja alikwisha kutumiwa ile video. Ndugu amesimama mbele ya duka yake ya vyakula ya Afrika. Nyuma yake kuna magunia ya unga ya muhogo, chupa za mafuta ya ngazi, friji kubwa zenye kujaa sombe. Inapita mu WhatsApp ya familia, mu ya kanisa, mu ya promosio yetu ya universite, na chini yake wanaandika: "Muone wenzenu wanajipanga, ninyi munakaa paka kulilia serikali." Sisi wenye diploma mu sanduku na bila kazi, hii maneno tunaijua kwa kichwa. Leo tunataka kuongea juu ya ile duka. Hatuichukii. Tunaiheshimu sana, na njo sababu hatutaki watu waitumie kutufunga kinywa.

Tuende Matonge. Haiko ile ya Kinshasa, mu komini ya Kalamu. Ni ile yenye ilichukua jina yake: Matonge ya Bruxelles, mu komini ya Ixelles, karibu na Porte de Namur. Miaka ya 1960 wanafunzi wa Congo walikuwa wanakaa pale karibu, mu nyumba yenye iliitwa Maison Africaine. Nyuma yao wakakuja wenye baa, wasusi, wafanya biashara, na leo mu Galerie d'Ixelles na pembeni ya Chaussée de Wavre mama anapata karibu kila kitu roho yake inatafuta: kwanga, fumbwa, safu, makayabu, pilipili. Kuko watu wanapanda treni kutoka Liège ao Antwerpen juu ya sombe tu.

Sasa, ukiingia mu maduka mingi ya vyakula pale, mwenye kupokea feza si Mukongo. Ni Mupakistani ao Muhindi. Anakusalimia "mbote mama" na anajua kutofautisha fumbwa ya leo na fumbwa ya juzi kuliko sisi wa Katanga, tuseme kweli. Na usifikiri ni ulozi. Yeye pia ni mugeni mu ile inchi, alifika na sanduku moja kama Mukongo. Lakini alikuta wakubwa wake wenye kuuzisha kwa jumla, na ndugu mwenye kuleta kontena, na mwingine mwenye kumukopesha mali leo alipe kisha mwezi. Mukongo anaanza na likelemba, yenye inamupatia franga mara moja, zamu yake ikifika. Friji ikiharibika mbele ya zamu, duka inafungwa.

Kaka ya mumoja wetu alipita mu ile njia. Alitoka hapa na lisansi ya ekonomia. Kule akapakua masanduku mu duka ya mutu mwingine miaka tano, na usiku alikuwa anasafisha maofisi. Anasema shule yake ya kweli njo ile. Alijifunza siku gani ndege ya Kinshasa inafika, nani anapigiwa simu wa kwanza, majani gani yanaoza siku ya pili. Alijifunza pia kitu chenye hakuna profesa alimuambia: muteja anakuja juu ya fumbwa, lakini faida inatoka kwa muchele na mafuta yenye anachukua wakati anapita. Fumbwa inaita watu, muchele unalipa nyumba. Benki ilimukatalia mukopo mara mbili. Kisha akafungua duka yake, ndogo, na leo inamulisha yeye na watu wawili wenye anawalipa kila mwezi. Tunamupigia makofi, na munaweza kumupigia pia.

Siku moja tulimuomba atusomee etiketi. Akashika simu, akazunguka mu duka, akasoma. Mafuta ya ngazi: Ghana. Unga ya fufu: Ghana. Muchele: Thailand. Tilapia ya baridi: China. Makayabu: Norwe. Tukauliza, na Congo? Akacheka. Akatuonyesha pembe moja karibu na mulango, na vikapu vyenye vilifika na ndege: kwanga, fumbwa, safu wakati ni wakati yake. Ile pembe njo Congo.

Na hata ile ndege haiko yetu. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulifungia kampuni za ndege za Congo anga yake, juu ya usalama, na mupaka leo hazijafunguliwa. Kwanga ya mama wa Kinshasa inasafiri juu ya mabawa ya mutu mwingine, kwa bei yenye ule mutu anapanga.

Tukae kidogo kwa mafuta, maana pale njo inauma. Mwaka 1911 Wabeleji walimupatia Lever, mwenye viwanda vya sabuni wa Uingereza, mapori makubwa ya ngazi mu Congo. Kwilu wakajenga muji mupya, wakauita Leverville. Leo unaitwa Lusanga. Watu walikuwa wanapandishwa mingazi kwa nguvu, na mwaka 1931 Wapende walisimama, wakauawa kwa mamia. Mbele ya uhuru Congo ilikuwa kati ya wauzishaji wakubwa wa mafuta ya ngazi mu dunia. Sasa mutoto wa Kwilu anasimama mu Matonge, anainua chupa, anasoma "Ghana". Na Ghana haina njia raisi: wakaguzi wa Ulaya walikuta mafuta mengine ya kule yametiwa rangi ya Sudan, yenye ni mbaya kwa mwili, sasa mizigo yao inapimwa sana kwa mupaka. Lakini wanapimwa, wanarekebisha, wanaendelea kuuzisha. Sisi hatupimwi kwa sababu hatuko kwa mustari.

Kuko mengine yenye haitegemei Kinshasa wala Lubumbashi, na haki tuiseme. Vinkubala, vyenye bibi zetu wanakausha tangu zamani sana, Ulaya wanaviita "chakula kipya". Sheria yao inasema chakula chenye watu wa Ulaya hawakukula sana mbele ya tarehe 15 Mei 1997 ni kipya, lazima kiombewe ruhusa. Vinkubala havina ile ruhusa, vikikutwa vinachukuliwa. Bibi akisikia ni vipya atacheka mupaka atoe machozi. Na tangu Desemba 2019 karibu majani yote mabichi yenye kuingia kule lazima yawe na karatasi ya serikali ya kwao, yenye kushuhudia ya kwamba hayana wadudu wala magonjwa. Ile karatasi hakuna kaka wa Matonge anaweza kuandika. Ni inchi inaandika.

Wenzetu wawili, wote wamemaliza universite, walitaka kumutumia ule kaka sombe ya kukausha, imefungwa muzuri mu mifuko. Yeye alikuwa tayari kununua. Sombe hapa haikosi. Lakini tangu shamba mupaka muji walisimamishwa kizuizi kisha kizuizi, kila mumoja na bei yake, na bei ya asubui haikuwa ya jioni. Umeme ukakatika wakati majani yako mu mashine, yakabaki meusi. Mu ofisi moja wakaombwa walipe, wakaomba risiti, wakajibiwa: "Munataka kazi iende ao munataka karatasi?" Mufuko hata moja haukufika kwa uwanja wa ndege.

Kaka alipokea habari, akanyamaza, akatuelezea ya kwake. Kule wakaguzi wa AFSCA wanaingia bila kupiga hodi. Wanapima baridi ya friji, wanaangalia tarehe, wakikuta kosa wanaandika na unalipa. Anawaogopa, anawalalamikia, na kodi ya nyumba inapanda kila wakati. Haiko paradizo. Lakini anajua mbele ya kufungua mulango mwaka huu atalipa nini, kwa nani, na kila franga iko na karatasi yake. Kwa hiyo anaweza kupiga hesabu. Huyu ni mutu moja, na lisansi moja, ya universite yetu hii. Alipokuwa hapa walimuita muvivu.

Na tusifikiri ni mambo ya Bulaya peke yake. Jioni hii wengi wetu tutakula bukari. Muende Kasumbalesa muangalie: makamyo ya shaba inatoka, makamyo ya unga ya Zambia inaingia. Zambia ikifunga mupaka juu ya mahindi yao, hapa bei inapanda na wamama wa soko wanatukanwa kama vile wao njo walifunga. Udongo tuko nao. Tunaishi mu muji wetu kama ule mugeni wa Matonge: chakula ya nyumbani, etiketi ya mwingine.

Wanatuambia artikle 15, mujipange. Sawa. Sisi tunawajibu na artikle 174 ya Katiba ya 2006: hakuna kodi inaweza kuwekwa isipokuwa na sheria. Kwa hiyo kila mwenye kusimamisha kamyo ya sombe ao muhogo lazima aonyeshe sheria gani inamutuma. Tunaomba bei za kodi zibandikwe mu kila kizuizi na mu kila soko, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na risiti itoke bila kuombwa. Hii haiombi mukopo wa dunia. Inaomba karatasi na gundi.

Na hatungojei wabandike. Kuanzia Jumamosi tunatuma vikundi vya watu watatu mu masoko, ya hapa Kenya kwanza, na kwa njia zenye kuleta vyakula mu muji. Tutaulizia wamama na wapakizi: ulilipa wapi, bei gani, kwa nani, ulipewa risiti ao hapana. Hatuandiki jina ya mama hata moja, juu wao njo watabaki pale wakati sisi tunarudi nyumbani. Kisha mwezi tunatangaza yote hapa, kizuizi kwa kizuizi, na kopi tunapeleka kwa wabunge wa jimbo na kwa ule kaka, mwenye alisema atabandika mu duka yake, pale pale kwa ile pembe ya Congo.

Wenye kutaka kwenda wabaki tuandike majina. Mulete daftari na kalamu. Simu zibaki mu mifuko, mutu akiona kamera hatasema kitu.