Jinsi Tulivyopata Gitaa Letu la Kwanza la Besi

(Hotuba ya wanamuziki wa kambi, iliyosomwa na mwalimu mmoja wa kundi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)

 

Kamati imetuomba sisi wanamuziki tueleze jinsi gitaa la besi la kundi letu lilivyopatikana, ili habari hizo ziwekwe katika jarida hili la kumbukumbu. Pengine wapo watakaoona kwamba hilo ni jambo dogo, kwani kambi ina mambo makubwa ya maji, kuni, shule na chakula. Tunakubali. Lakini gitaa hili ni mali ambayo watu wengi wa kambi hii waliichangia, na kuna wakati lilikaribia kuuzwa. Kwa hiyo inafaa kila mtu ajue lilitoka wapi na ni la nani.

Kwanza tueleze kwa wale wasiojua muziki. Gitaa la besi lina nyuzi nne nene, na sauti yake iko chini kuliko ya gitaa la kawaida kwa oktavu moja. Gitaa la solo ndilo linalosifiwa, na mwimbaji ndiye anayetunzwa pesa. Mpiga besi husimama nyuma. Lakini besi ikinyamaza, wachezaji hawajui tena pa kuweka mguu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kontrabasi, fidla kubwa kuliko mtu anayeipiga. Besi ya umeme ya kuvaa begani ilienea baada ya Mmarekani Leo Fender kuanza kuuza ya kwake mwaka 1951.

Sisi tulianza bila besi. Mwaka 2007 tulikuwa na gitaa moja la solo, la mi-solo moja, tumba mbili na sauti zetu. Wazee waliokuwa wamecheza rumba Uvira, Baraka na Kalemie walikuwa wakija kutusikiliza, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Siku moja mzee mmoja alituambia, "Watoto wangu, mnapika vizuri, ila sufuria haina kitako." Maneno hayo yalituuma, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Tukaamua kujitengenezea. Mzee mmoja seremala alituchongea shingo kutoka ubao wa kitanda kilichovunjika. Tumbo tulilifanya kwa sanduku la mbao lililokuja na vifaa vya shule. Nyuzi zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Ndani tulibandika kipaza sauti kidogo tulichokitoa katika redio kaseti mbovu. Chombo kile kilipaza sauti siku nyingine, na siku nyingine kilikohoa tu kama mbuzi mwenye mafua. Vidole vya mpigaji wetu vilitoka damu, akavifunga kitambaa akaendelea.

Hatukuona aibu, wala vijana wanaojitengenezea leo wasione aibu. Luambo Makiadi, yaani Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea, akilipiga karibu na meza ya mama yake aliyekuwa akiuza maandazi sokoni Léopoldville. Kule Unguja, wapigaji wa kidumbak hupata sauti ya besi kwa sanduku la mbao lenye fimbo na uzi, na arusi zinachezwa mpaka usiku wa manane. Kukosa chombo hakujawahi kuwa sababu ya kukosa muziki.

Hata hivyo, tulitaka besi ya kweli. Mwaka 2010 tulianza kuweka akiba. Tukipiga kwenye arusi, tulilipwa unga, maharage, sabuni, mara chache kuku, na mara chache zaidi shilingi. Vitu hivyo tuliviuza sokoni. Mama wa mpiga tumba wetu ndiye aliyekuwa mweka hazina. Alitunza fedha katika kopo la maziwa, na hakuna kijana aliyethubutu kumwomba mkopo mara mbili. Baada ya mwaka mmoja na miezi minne kopo lilikuwa na shilingi 95,000.

Wakati huo tulisikia kwamba kanisa moja mjini Kasulu lilikuwa na gitaa la besi lililotumika, na kwamba linauzwa shilingi 160,000. Tulipungukiwa 65,000. Tuliwaza kwamba itabidi kungoja mwaka mwingine. Lakini habari zilienea kambini, na watu wakaja wenyewe. Kwaya ilitoa 30,000. Timu ya mpira ya kijiji jirani ilitoa 20,000, kwa ahadi kwamba tutapiga siku ya fainali yao. Muuguzi mmoja wa zahanati, Mtanzania, alitoa 15,000 zilizobaki, akakataa jina lake litajwe. Tunaheshimu ombi lake hadi leo.

Wakati ule tulikuwa tukijivuna kwamba sisi ni wa kwanza kupata besi kwa mikono ya majirani. Baadaye tulijifunza kwamba ni desturi ya zamani ya muziki wetu. Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokutana Brussels kujadili uhuru, kundi la African Jazz la Joseph Kabasele lilikwenda huko kuwatumbuiza, na huko ndiko ulikozaliwa wimbo wa "Indépendance Cha Cha". Aliyeshika besi alikuwa Brazzos, mtu wa OK Jazz, kundi lililokuwa likishindana na African Jazz kila siku. Kwa hiyo wimbo ambao Wakongo wote wanauona kuwa wao ulisimama juu ya besi ya kuazima kwa jirani.

Vilevile kuna wakimbizi wenzetu wa Sierra Leone waliounda kundi katika kambi za Guinea, wakajiita Sierra Leone's Refugee All Stars. Vyombo vyao vya kwanza vya umeme vilikuwa magitaa makuukuu waliyoyapata kwa msaada wa shirika la Kanada. Filamu juu yao ilitoka mwaka 2005, na albamu yao ya kwanza mwaka 2006, nao wakasafiri nchi nyingi wakipiga. Tunawatajia wageni wetu wa mashirika habari hizo kwa heshima: chombo kuukuu mnachofikiri hakina kazi, huenda kina kazi kubwa.

Turudi Kasulu. Wawili wetu walipewa kibali cha kutoka kambini kwa siku moja. Mzee wa kanisa aliwaonyesha gitaa jekundu lililopauka, jina la kiwanda likiwa limekwaruzika lote, na uzi mmoja haupo. Alihesabu fedha polepole, noti ndogo ndogo na sarafu, akauliza zimetoka wapi. Alipoelezwa, hakupunguza bei, maana fedha zilikuwa za kanisa. Ila aliongeza waya wa kuunganishia na mfuko wa kitambaa ulioshonwa na mke wake. Wakarudi juu ya lori la chumvi, gitaa likiwa limepakatwa kama mtoto mchanga.

Kizuizini askari alitaka kujua ni nini. Wakamwambia ni gitaa. Akasema, "Basi lipigeni." Wakalipiga. Askari akatega sikio, hakusikia kitu, kwa sababu besi bila umeme ni kama mtu anayenong'ona sokoni. Akacheka akasema, "Jamani, mmeuziwa bubu!" Akawaruhusu kupita.

Jioni ile jenereta iliwashwa, na yule bubu akasema. Akina mama waliokuwa bombani walisogea kusikiliza, ndoo zikabaki kwenye foleni peke yake. Yule mzee wa sufuria isiyo na kitako alikuja akasimama mbele ya spika, akaweka kiganja kifuani pake. Hakusema kitu. Kisha alimshika mkono mkewe wakacheza. Tulipiga kwa nyuzi tatu kwa miezi mitatu mizima kabla ya kupata wa nne.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipunguzwa, nanyi nyote mnakumbuka hali ilivyokuwa. Katika kikao chetu mwenzetu mmoja alisimama akapendekeza gitaa liuzwe, fedha zigawanywe, kila mwanakundi anunulie watoto wake unga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano, na alisema wazi kwamba wimbo hauliwi. Baadhi yetu tulikasirika, wengine tulikubaliana naye. Kikao kilivunjika. Kwa wiki mbili hatukufanya mazoezi, na watu wawili waliozoea kula sahani moja hawakusalimiana.

Aliyetupatanisha ni yule mama mweka hazina. Alituuliza swali moja tu: "Mtauza sehemu ya nani?" Tukaanza kuhesabu. Sehemu ya kwaya ilikuwamo. Sehemu ya timu ya mpira ilikuwamo. Ya muuguzi ilikuwamo. Zilikuwamo na sehemu za watu waliotulipa maharage kwenye arusi zao, ambao wengine wamekwisha kurudi nyumbani na wengine wamezikwa hapa. Tuligundua kwamba gitaa haliwezi kugawanywa na watu tisa, kwa kuwa halikununuliwa na watu tisa.

Tena chombo cha kwanza hakina bei moja. Paul McCartney wa The Beatles alinunua besi yake ya Höfner mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1961, kwa pauni 30 hivi. Iliibwa London mwaka 1972. Tangu hapo amekuwa na uwezo wa kununua duka zima la magitaa. Lakini besi ile iliendelea kutafutwa, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba imerudi kwa mwenyewe, baada ya zaidi ya miaka 50. Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika na kuacha vitu vyetu nyuma tunaelewa vizuri kwa nini tajiri anaweza kukitafuta kitu cha bei ndogo kiasi hicho.

Hatukuuza. Lakini hatukumwacha mwenzetu na njaa yake tukiimba. Tulipitisha kanuni tatu, na tunazisoma hapa ili kambi nzima iwe shahidi. Ya kwanza: nusu ya kila malipo tunayopata huingia katika mfuko wa kusaidia familia yenye shida, awe mwanakundi au si mwanakundi. Ya pili: gitaa haliondoki na mtu, awe anarudi nyumbani au anahamishiwa nchi ya tatu. Ya tatu: anayelipiga lazima amfundishe mwingine kabla ya kuondoka. Aliyepewa msaada wa kwanza wa mfuko huo ni yule aliyependekeza kuuza, na hadi leo ndiye mpiga solo wetu.

Kanuni ya tatu ilikuwa ikifuatwa hata kabla ya kuandikwa. Mpiga besi wetu wa kwanza, yule wa vidole vya kitambaa, alipata safari ya Marekani mwaka 2016. Alitumia miezi miwili ya mwisho kumfundisha kijana mwingine kila jioni. Asubuhi ya basi alilifuta gitaa kwa shati lake, akalikabidhi, akapanda. Leo anayelipiga ni msichana wa miaka 19, mwanafunzi wetu wa zamani, na ndiye mtakayemsikia baada ya hotuba hii.

Ombi letu kwa Kamati na kwa mashirika ni moja. Hatuombi fedha. Tunaomba chumba kimoja chenye kufuli katika kituo cha vijana, ambamo gitaa litalala pakavu wakati wa masika, na ambamo watoto wa kike na wa kiume watafundishwa bila malipo siku mbili kwa wiki. Walimu tupo. Mbao za sanduku na nyaya za breki za kuanzia pia tutazitafuta.

Kwa wote waliochanga, walio hapa na walio mbali: gitaa lenu lipo, na nyuzi zake zote nne zinalia.