Kipande cha Kati: Mahali Vijana Wanapokwama Wakielekea Kazi Zenye Mishahara Mikubwa



Nimeombwa nizungumzie kazi zinazolipa vizuri na namna ya kuzifikia. Orodha ya kazi hizo sitaisoma, kwa sababu kila mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Tanga anaijua: rubani, daktari bingwa, mhandisi, ofisa wa meli, mhasibu mwenye CPA, wakili. Asichoambiwa ni kwamba njia ya kila mojawapo ina vipande vitatu. Kwanza kuna darasa na mitihani yake. Halafu kuna miezi au miaka ya kufanya kazi chini ya macho ya mkubwa wa fani, awe melini, wodini, angani au kwenye eneo la ujenzi. Mwisho kuna leseni au usajili, na hapo ndipo mshahara mkubwa unapoanza.

Kipande cha kwanza tunakigharamia kwa jasho letu. Cha tatu tunakifanyia sherehe. Kile cha kati tunamwachia kijana mwenyewe, akiwa na miaka 22 au 23, na bahasha ya vyeti mkononi. Nimefundisha vijana wenye akili na bidii, na wengi walioshindwa kufika hawakushindwa mtihani wowote. Walikosa mtu wa kuwapokea ili wajifunze kazi. Hilo ndilo ninaloliwasilisha leo, na nitaanza na bahari, kwa kuwa tunaiona kila siku na bado tunaifahamu kidogo.

Kazi ya ofisa wa meli inatawaliwa na mkataba wa kimataifa uitwao STCW, wa mwaka 1978, uliorekebishwa kwa kina mwaka 1995 na tena mwaka 2010 mjini Manila. Kwa mkataba huo, cheti cha Mtanzania, cha Mfilipino na cha Mgiriki hupimwa kwa kipimo kimoja. Anayetaka kuwa ofisa wa zamu upande wa sitaha sharti awe ametimiza miaka 18, na awe amekaa melini si chini ya miezi 12 akiwa kadeti katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Muda wote huo anajaza daftari la mafunzo, na kila kazi aliyoifanya inatiwa saini na ofisa aliyemsimamia. Asiyepitia mafunzo ya aina hiyo anadaiwa miezi 36 ya kukaa melini. Akishakuwa ofisa wa zamu, anahitaji miezi 12 zaidi ya kazi ili aweze kufanyiwa mtihani wa ofisa mkuu. Unahodha unadai miezi 36 ya kazi ya uofisa, ambayo hupungua hadi 24 ikiwa 12 kati yake aliitumikia akiwa ofisa mkuu.

Tazameni sasa tofauti ya fedha. Kima cha chini cha mshahara wa msingi wa baharia mwenye ujuzi asiye ofisa, kilichokubaliwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi. Nahodha wa meli kubwa ya mafuta anapokea zaidi ya dola 10,000 kwa mwezi. Watu hawa wawili wanaweza kuwa walisoma shule moja na wakakaa dawati moja. Mmoja alipata meli ya kufanyia ukadeti, mwingine akasubiri mwaka, akasubiri wa pili, kisha akachukua kozi fupi za usalama na kupanda meli kama baharia wa kawaida kwa sababu nyumbani kuna watu wanamtegemea. Simlaumu hata kidogo. Kazi ya baharia ni kazi ya heshima na imesomesha watoto wengi wa pwani hii. Lakini mwenye uwezo wa kuwa ofisa akikosa kuwa ofisa kwa kukosa nafasi ya miezi 12, hiyo ni hasara ya familia na ya nchi.

Chuo tunacho. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kilianza kama kitengo cha mafunzo mwaka 1978 na kikawa chuo kamili mwaka 1991. Wenzetu wa Mombasa wana chuo chao cha Bandari. Tatizo ni meli. Kampuni kubwa za meli huchukua makadeti kutoka vyuo ambavyo zimefunga navyo makubaliano, na nchi yenye meli chache zake yenyewe lazima iombe nafasi kwa wengine. Boti zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Unguja zinamfundisha kijana mengi, lakini utumishi wa huko unaelekea kwenye cheti cha safari za karibu na pwani, na cheti hicho hakimwezeshi kupanda meli ya kontena iendayo Singapore. Ndiyo maana namsihi kila mzazi anayempeleka mtoto chuo cha bahari, popote kilipo, aulize swali moja kabla ya kulipa ada: mwaka jana wanafunzi wangapi wa hapa walipata meli, na kwa kampuni zipi? Majengo na mashine za kuigiza uendeshaji wa meli ni vitu vizuri, ila jibu la swali hilo ndilo litakalomwonyesha mzazi mwanawe anaelekea wapi.

Urubani una umbo lilelile, ila gharama zake ni kali zaidi. Leseni ya rubani wa biashara inahitaji umri wa miaka 18 na kwa kawaida saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Familia inauza kiwanja, kijana anarudi na leseni, mtaa mzima unamwita kapteni. Kumbe leseni ya juu, ile ya kuwa rubani kiongozi wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Saa 1,300 za katikati atazipata wapi? Wengi katika ukanda wetu wamezipata kwenye ndege ndogo za aina ya Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti na mbuga nyingine, wakitua kwenye viwanja vya changarawe mara kadhaa kwa siku. Ni shule nzuri ajabu, lakini viti vyake ni vichache na vinagombaniwa. Shirika la ndege kubwa nalo huenda likataka mtu aliyekwisha kufunzwa aina ya ndege wanayoirusha, na mafunzo hayo nayo yanalipiwa. Kwa maoni yangu, familia inayotumia fedha zote kwenye saa 200 za kwanza bila mpango wa zinazofuata haijamsomesha rubani bado.

Kwa daktari, hesabu ni ya miaka. Shahada ya udaktari hapa kwetu ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo tarajali hospitalini ndipo apate usajili kamili. Ubingwa unaongeza miaka mitatu au minne kulingana na fani, na ubingwa bobezi, kama wa upasuaji wa moyo au wa ubongo, unaongeza mingine. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 20 atakuwa bingwa akiwa na miaka 29 au 30, tena ikiwa hakupoteza hata mwaka mmoja katikati. Wenzake waliofungua duka wakati huo wana nyumba na watoto shuleni. Mzazi anayetegemea kwamba mtoto akihitimu tu ataanza kusomesha wadogo zake anamtwisha mzigo utakaomtoa njiani. Nimeona madaktari vijana wenye kipaji wakiuacha ubingwa kwa sababu hiyo.

Mwaka 2024 jirani zetu wa Kenya walishuhudia mgomo wa madaktari wa siku 56. Kiini kikubwa cha mgogoro kilikuwa malipo ya madaktari tarajali: makubaliano ya 2017 yalitaja takriban shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, Serikali ikataka kulipa 70,000. Katika ngazi zote za udaktari, ugomvi uliwaka kwenye mwaka ule mmoja ulio kati ya chuo na usajili. Sioni ajabu. Mtu wa kipande cha kati anafanya kazi ya kweli, analala zamu, anashika maisha ya watu, na hana bado karatasi ya kumpa nguvu ya kudai.

Kipande hiki kinaweza kujengwa, nalo si jambo la kubahatisha. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ilianzisha mwaka 2003 mpango wa mafunzo kwa vitendo kwa wahandisi wahitimu, maarufu kwa jina la SEAP. Mhitimu anakaa miaka mitatu chini ya mhandisi mtaalamu, kazi zake zikiandikwa na kukaguliwa, ndipo aombe usajili wa juu. Mpango huo una foleni na una upungufu wa fedha, lakini kijana wa uhandisi akitoka chuoni anajua mlango uko wapi na nani ana ufunguo. Fani nyingine zingeiga mfano huo tungepona sana.

Fani ya sheria imetuonyesha upande wa pili. Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2008, na wote wanaoingia pale tayari wana shahada. Oktoba 2022 ilijulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu walifaulu masomo yote kwa mara ya kwanza. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu walibishana sana kama kosa ni la taasisi au la vyuo vikuu. Mimi nililoliona ni mamia ya vijana waliogundua wakiwa na shahada mkononi kwamba hawakuandaliwa kwa hatua inayofuata.

Kwa familia isiyo na mtaji, njia ninayoipendekeza bila kusita ni uhasibu. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hufanyika Mei na Novemba, na mtahiniwa anaweza kuifanya huku ameajiriwa. Uzoefu wa miaka mitatu unaotakiwa kwa usajili anaupata kazini, akilipwa, hata kama ni kidogo. Ni safari ya usiku mwingi na vitabu vingi, na wapo wanaorudia somo moja mara kadhaa. Lakini kipande chake cha kati hakimdai mtu auze kiwanja, wala hakingoji meli itoke ng'ambo.

Sasa tufanye nini sisi tuliomo humu ndani? La kwanza linatuhusu walimu. Kwa mazoea ya shule zetu, mwanafunzi anachagua masomo baada ya kidato cha pili, na hapo ndipo wengi wanaiacha fizikia kwa sababu ni ngumu au hakuna mwalimu. Kijana wa miaka 15 anafunga mlango wa uhandisi, udaktari, urubani na uofisa wa meli kwa siku moja, na hakuna aliyemwambia. Kikao cha ushauri kinachofanyika kidato cha nne kimechelewa miaka miwili. Naomba kila shule iliyowakilishwa hapa ikihamishie kidato cha pili, na mzazi awepo.

La pili ni la macho. Ofisa wa sitaha na rubani hupimwa uwezo wa kutofautisha rangi, kwa kuwa taa nyekundu na ya kijani ndizo zinazomwambia chombo kingine kinaelekea wapi. Upofu wa rangi huwapata zaidi wavulana, mara nyingi mwenyewe hajui, na hauna tiba. Kipimo chake ni cha dakika chache. Mtoto apimwe kabla ya kuota ndoto ya miaka kumi, apangiwe njia nyingine akiwa bado na muda.

La tatu ni fedha. Tuache kuweka akiba yote kwenye ada. Sehemu itengwe kwa ajili ya mwaka wa baada ya chuo: nauli, pasipoti, kitabu cha baharia, vipimo vya afya, chumba cha kupanga karibu na hospitali au mradi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo humsaidia mwanafunzi akiwa chuoni. Akihitimu na kuajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Katika miezi ya kutafuta nafasi anakuwa mikononi mwa familia.

Na wasichana wetu tusiwaache pembeni. Ripoti ya mwaka 2021 ya BIMCO na ICS, vyama vya kimataifa vya wenye meli, ilionyesha kuwa wanawake ni kama asilimia moja tu ya mabaharia wote duniani. Binti akitaka bahari, babaye anaogopa, nami naielewa hofu hiyo. Bora aulize kampuni ina utaratibu gani wa kumlinda kadeti wa kike na malalamiko yanapelekwa kwa nani, kuliko kumkatia tamaa tangu sebuleni.

Mwisho nawaonya juu ya mawakala. Pale vijana wengi wanapogombea nafasi chache, matapeli hawakosekani, na mtu anayeahidi meli ya Ughaibuni kwa malipo ya mamilioni yupo katika kila mji wa bandari. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia fedha ili ampatie kazi. Gharama zinazoruhusiwa kwa baharia ni zile za pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya cha kisheria. Hata viza inapaswa kulipwa na mwenye meli. Wakala akitaja kiasi kingine chochote, mzazi asitoe hata shilingi. Aandike jina la ofisi na namba ya leseni anayoonyeshwa, aende TASAC, shirika la Serikali linalosimamia usafiri wa majini, akaulize kama wanamtambua.