Bibi Anayesahau Si Mchawi

Leo tuzungumze juu ya wazee wetu.

Bibi anatia chumvi mara mbili katika mboga. Anatoka shamba la mihogo, hajui njia ya nyumbani. Usiku anazungukazunguka uani. Jirani akimwona anasema: "Huyu anawanga!" Hapana, ndugu zetu. Huenda bibi ni mgonjwa.

Upo ugonjwa wa ubongo uitwao Alzheimer. Ni jina la daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1906. Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu tu. Mwaka 2009 na 2010 wataalamu walichunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro. Katika kila wazee 100, kama 6 walikuwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Alzheimer ni mmojawapo wa magonjwa hayo.

Unatokana na nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya seli mna majiko madogo yaitwayo mitokondria. Majiko hayo hukitumia chakula tulacho kutupatia nguvu. Ubongo unahitaji nguvu nyingi. Basi, kila jiko lina maagizo yake ya urithi, yaitwayo DNA. Maagizo hayo ya majiko tunayarithi kwa mama. Mtu akizeeka, nayo huchakaa, kama kitabu kinachofunguliwa kila siku.

Wataalamu wameona kwamba katika ubongo wa wagonjwa majiko hayo hayafanyi kazi vizuri. Bado wanachunguza: je, jiko likififia ndipo ugonjwa unakuja, au ugonjwa ndio unaofifisha jiko?

Kwa hiyo tusiseme ukoo wa mama una laana. Mama akiugua, si lazima mtoto naye augue.

Sasa tufanye nini? Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini mpelekeni mzee zahanati, maana hata malaria huweza kumchanganya mtu, nayo inatibika. Asiachwe peke yake karibu na moto au kisima. Akikosea msimkaripie, mwelekezeni polepole. Anayemtunza naye anachoka, mpeni zamu.

Mkimaliza kusoma, msomeeni jirani yule anayesema bibi anawanga. Neno hilo limekwisha kuua wazee wengi nchini mwetu.