Mkate wa Eliya



Nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji. Ndipo baadaye akamtuma tena (1 Waf 19). Utaratibu huo ni fundisho kwetu.

Miongoni mwetu wamo wahadhiri wa vyuo vikuu. Twawaona wamevaa vizuri, tukadhani hawana shida. Kumbe wengi hufundisha wanafunzi mamia kwa mara moja, husahihisha mitihani usiku, na walioajiriwa kwa muda hungoja malipo miezi mingi. Nchini Kenya wahadhiri waligoma siku 54 mwaka 2017, wakagoma tena mwaka 2018 na 2025, wakidai haki za mikataba yao. Msongo wa namna hii hukosesha usingizi, huharibu afya na kuvunja amani ya nyumba.

Basi, tusimwambie aliyelemewa kwamba imani yake ni haba. Mapumziko, rafiki msikivu na mshauri mwenye ujuzi ndio mkate wa Eliya. Jumuiya ndogo ndogo na ziupeleke.

Hata hivyo, kumtuliza mtu peke yake hakutoshi. Katika Laborem Exercens (1981), Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba ujira wa haki ni kipimo cha haki ya mfumo mzima wa uchumi. Anayemhimiza mfanyakazi avumilie huku akimnyima ujira wake, anamwongezea mzigo. Tusali naye, tena tusimame naye anapodai haki.