Gari la Otomatiki Likitiwa Gia za Mkono

Aliyewahi kupanda vilima vyetu vya Giakanja na Tetu yote kwa gari la otomatiki majira ya masika, tope likiwa limeshika magurudumu, hatastaajabu kusikia kwamba wako wanaomwagiza fundi alitoe giaboksi lile na kutia la mkono.

Kazi yenyewe si haba, kwani fundi hutoboa bamba lililo mbele ya miguu ya dereva apate kutia kanyagio la klachi, na asipoiunga upya swichi iliyokuwa ikizuia injini isiwake gia ikiwa ndani, gari likiwashwa bila hadhari huruka mbele, pengine hata ukutani mwa gereji.

Mara nyingi giaboksi hununuliwa pamoja na injini yake. Na kwa kuwa nambari ya injini imeandikwa katika logibuku, mwenye gari, kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hana budi kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, na kulipeleka gari likakaguliwe. Stakabadhi ya injini aihifadhi, na kampuni ya bima aiarifu kwa maandishi.

Lisahauliwalo zaidi, kwa maoni yangu, ni leseni: daraja B1 ni la magari mepesi ya otomatiki peke yake, basi mwenye nayo, asipopata B2, hana ruhusa ya kuliendesha gari lile lile alilokwenda nalo sokoni juzi.