Nusu Kijiko cha Chumvi

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze kemia, na nakuomba usihame stesheni. Najua neno hilo linawarudisha wengi wetu darasani, mbele ya ubao uliojaa herufi na tarakimu, ambako tulikariri ili tufaulu mtihani na mtihani ulipokwisha tukasahau. Kemia ninayoizungumzia iko ndani ya mwili wa mtoto anayeharisha. Mvua zikianza, vyoo vikafurika na visima vikaingiwa na uchafu, kemia hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto huyo ataiona kesho.

Tuanze na maji. Molekuli ya maji ina atomu mbili za hidrojeni na atomu moja ya oksijeni. Hilo wengi tunalikumbuka. Tunachosahau ni kwamba atomu hizo hazigawani elektroni zao sawasawa. Oksijeni huzivutia zaidi upande wake, kwa hiyo molekuli inakuwa na upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo. Ni jambo dogo, lakini ndilo linaloyawezesha maji kuyeyusha vitu vingi kiasi hiki, na shughuli zote za uhai tunaoujua zinafanyika ndani ya maji. Karibu asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji. Kwa mtoto mchanga ni karibu asilimia 75, ndiyo maana akianza kuharisha hatuna muda wa kupoteza.

Sasa chumvi. Chumvi ya mezani imejengwa na elementi mbili, sodiamu na klorini, na kila moja ikiwa peke yake ni hatari. Sodiamu ni metali inayolipuka ikitupwa majini. Klorini ni gesi ya sumu iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Zinapokutana, sodiamu humpa mwenzake elektroni moja, zote mbili zikatulia, nasi tukazitia kwenye mchuzi bila wasiwasi. Ndani ya maji zinaachana, lakini sasa kila moja ni ayoni: sodiamu ina chaji chanya, na klorini, ambayo sasa inaitwa kloridi, ina chaji hasi. Sukari haiendi hivyo. Sukari huyeyuka molekuli nzima nzima, haigawanyiki kuwa ayoni wala haibebi chaji. Shika tofauti hiyo, tutairudia.

Kuna jambo moja zaidi la kuelewa, na hili unaweza kulishuhudia jikoni kwako leo. Katakata vitunguu vya kachumbari, nyunyizia chumvi, fikicha kidogo, kisha viache. Baada ya dakika chache utakuta maji chini ya bakuli. Hakuna aliyeyamimina. Yametoka ndani ya seli za kitunguu chenyewe, kwa sababu utando wa seli unayaruhusu maji kupita lakini unaizuia chumvi; na chumvi ikiwa nyingi upande wa nje, maji huifuata huko. Wanasayansi wanaliita jambo hili osmosisi. Ndiyo sababu mvuvi aliyeishiwa maji ya kunywa hathubutu kunywa ya bahari. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, ilhali dripu ya maji ya chumvi anayowekewa mgonjwa hospitalini ina gramu 9. Akiyanywa, figo zake zitatumia maji ya mwilini kuitoa chumvi ile, na kiu itazidi.

Turudi kwa mgonjwa wetu anayeharisha, na tuseme ana kipindupindu. Bakteria wa kipindupindu hutoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo mwembamba kumwaga kloridi mfululizo. Kloridi ikitoka, sodiamu inaifuata, na maji yanazifuata zote mbili. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Wewe unayemuuguza unampa maji, na ni haki yako kufanya hivyo, lakini maji matupu hayanyonywi vya kutosha kwenye utumbo ulio katika hali hiyo. Ukiyatia chumvi pekee, bado.

Siri iko kwenye ukuta wa utumbo. Pale pana mlango uliotengenezwa kwa protini ambao hauifungulii sodiamu ikija peke yake. Hufunguka pale ayoni mbili za sodiamu zinapofika pamoja na molekuli moja ya glukosi, yaani sukari iliyo nyepesi kabisa kwa mwili kuitumia. Zikipita, maji nayo hupita kwa osmosisi ileile ya kachumbari. Robert Crane, mwanabiokemia wa Marekani, aliyaeleza haya kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Agosti 1960. Na sikiliza hili, kwa maana mimi kila nikilifikiria moyo wangu unajaa shukrani: sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Mgonjwa amekauka, anaharisha bila kukoma, na bado mlango ni mzima, unasubiri chumvi na sukari zifike pamoja.

Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash walilithibitisha hilo kwa wagonjwa wa kipindupindu mjini Dhaka. Miaka mitatu baadaye vita vya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuvuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikazuka kambini. Huko Bangaon, daktari wa watoto Dilip Mahalanabis aliona dripu zinakwisha huku wagonjwa wamelala chini sakafuni. Akaamua kuchanganya glukosi, chumvi na baikaboneti ya sodiamu kwenye mapipa yenye bomba, akawaambia ndugu wa wagonjwa wachote na kuwanywesha. Kabla ya hapo karibu asilimia 30 ya wagonjwa walikuwa wanakufa. Baada ya hapo vifo vilishuka chini ya asilimia 4. Waliookoa maisha pale walikuwa mama, shangazi na kaka wenye vikombe mkononi.

Bangladesh haikuishia hapo. Kuanzia mwaka 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake kupita nyumba kwa nyumba, wakawafundisha akina mama kuchanganya chumvi na sukari guru nyumbani. Katika miaka kumi walizifikia kaya zaidi ya milioni 12. Malipo yao yalipimwa kwa kile ambacho mama alikikumbuka na kuweza kukifanya alipokaguliwa baadaye. Naliheshimu sana wazo hilo. Laiti na sisi tungepima semina zetu za afya kwa namna hiyo!

Leo mchanganyiko wa aina hiyo unapatikana tayari kwenye pakiti ya ORS, ile tunayoiita chumvi chumvi, nayo imepimwa kwa uangalifu mkubwa. Ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Potasiamu inahitajika kwa sababu inatoka kwa wingi kwenye kuharisha, na misuli, ule wa moyo ukiwemo, haifanyi kazi sawasawa bila hiyo. Sitreti inaipunguzia damu tindikali. Mtoto aliyekauka sana ambaye anahema haraka na kwa kina, mara nyingi ni damu yake imezidi tindikali, na mapafu yanahangaika kuirudisha mahali pake.

Vipimo hivyo ni vya mwaka 2002. Shirika la Afya Duniani liliachana na mchanganyiko wa awali uliokuwa na chumvi na sukari zaidi, kwa kuwa ilibainika kwamba ule mwepesi unapunguza kuharisha na kutapika na kuwaepusha watoto wengi na dripu. Kwa hiyo mzazi anayeongeza kijiko cha sukari ili dawa iwe na nguvu anaivuruga. Sukari ikizidi inayavuta maji kutoka mwilini kurudi kwenye utumbo, na mtoto anaharisha zaidi. Chumvi ikizidi inaweza kumletea degedege.

Na pakiti ikikosekana? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, bila kilima. Nusu kijiko ni karibu kiasi kilekile cha chumvi kilicho kwenye pakiti. Vijiko sita vya sukari ni gramu 25 hivi. Sukari ya dukani ni molekuli mbili zilizoshikana, glukosi na fruktosi, na kimeng'enya cha utumbo huzitenganisha. Nusu ya gramu 25 ni karibu gramu 13 za glukosi, karibu sawa na pakiti. Onja kabla hujampa mtoto: chumvi isizidi ile ya machozi. Zikipita saa 24, yamwage, tengeneza mengine.

Wapo wanaompa mtoto soda. Naomba sana tuache. Soda nyingi zina sukari ya gramu 100 hivi kwa lita na sodiamu kidogo mno, yaani kinyume kabisa cha anachohitaji. Na madafu, ambayo sisi watu wa pwani tunayaamini? Yana potasiamu nyingi, hilo ni jema, ila sodiamu yake ni kidogo. Yanaweza kusaidia, lakini hayashiki nafasi ya chumvi chumvi.

Mwalimu unayenisikiliza, hizi ndizo ayoni na osmosisi za kwenye mtaala wako. Wafundishe wanafunzi kwa lita ya maji, kijiko na bakuli la vitunguu, na uwape kazi ya kwenda kuwaeleza wa nyumbani kwao kwa nini chumvi ni nusu kijiko na si kijiko kizima.

Nawe mzazi, weka pakiti mbili tatu nyumbani kabla hazijahitajika. Soma karatasi yake, kwa maana zipo za lita moja na zipo za nusu lita. Kituoni uliza pia vidonge vya zinki, ambavyo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14. Endelea kumnyonyesha. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko, taratibu. Lakini akishindwa kunywa, akilegea, macho yakididimia, au haja ikiwa na damu, usingoje kupambazuke: mpeleke kituo cha afya, na njiani, kama anaweza kumeza, endelea kumnywesha.